Mtumbwi Uliokaukia Mbeya

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Aneth Lipindi amesimama mtoni, maji yanamfika mapajani. Ameinama, mikono yote miwili imo ndani ya maji, anatoa mawe moja moja kutoka kwenye mtumbwi uliolala chini. Jiwe la mwisho likishatoka, mtumbwi unajiinua wenyewe polepole hadi kingo zake zinaonekana. Anaushika ubavu, anautikisa kushoto na kulia, maji yanamwagika, na chombo kinaelea.

Hivi ndivyo mitumbwi inavyolala Kivukoni, nje kidogo ya mji wa Ifakara, wakati wa kiangazi. Jioni hujazwa mawe na kuzamishwa. Asubuhi huibuliwa. Mtoto wa bondeni huijua kazi hii kabla hajajua kuhesabu, na ukimuuliza sababu yake atakuambia ndivyo inavyofanywa.

Abiria wa kwanza ameshafika. Ni Valeria, muuza samaki wakavu, na beseni lake liko kichwani.

"Bingwa! Unasubiri filimbi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Twende basi. Ila usinitie mashindanoni, beseni langu halijui kuogelea."

Wanaume wawili walio nyuma yake wanacheka. Aneth hacheki. Anasimama nyuma ya mtumbwi, anazamisha upondo mpaka unagusa mchanga, anausukuma, na ukingo wa mto unaanza kurudi nyuma.

Jina la Bingwa alipewa na watu wa Kivukoni miaka miwili iliyopita, na wakati huo lilikuwa la sifa. Wanaliita bado. Tangu katikati ya mwezi wa nane mwaka huu wa 1996, alipotoka Ziwa Nyasa, limekuwa la mzaha, na yeye huliitikia kwa sababu wanaoliita ndio wanaomlipa.

Nauli ni shilingi mia moja kwa kichwa, na nusu ya mapato ni ya mwenye mtumbwi, mzee mmoja wa mjini. Siku ambayo pantoni inakwenda na kurudi bila kupumzika, Aneth hubaki na abiria wachache walio na haraka kuliko magari. Ana umri wa miaka kumi na saba. Mwezi wa kumi na mbili atatimiza kumi na minane, na tarehe hiyo ndiyo iliyofanya safari ya mwezi wa nane kuwa ya mwisho.

Baba yake, marehemu Eustaki Lipindi, alikuwa mvuvi. Alifariki mwaka 1991 na kuacha mke, Febronia, binti mmoja, na shamba dogo Kisawasawa, chini ya milima ya Udzungwa. Mjane aliendelea kulima mpunga kwenye tambarare inayofurika kila masika, na kwa kuwa huko hakufikiki kwa miguu mvua zikishakolea, binti yake wa miaka kumi na miwili alishika upondo.

"Sikufundishwa na mtu," anasema Aneth. "Mama alikuwa amekaa mbele, ameshika jembe na chungu, mimi nimesimama nyuma. Tukienda upande, ananiangalia tu. Tukienda sawa, haangalii."

Alimaliza darasa la saba mwaka 1993. Hakuchaguliwa kuendelea. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya mitumbwi ya Sabasaba, aliwashinda wavulana wote wa Kivukoni na Michenga.

"Wakadai nimeanza kabla ya filimbi," anasimulia, na kwa mara ya kwanza uso wake unalegea kidogo. "Mwalimu akasema haya, turudie. Tukarudia. Mara ya pili niliwaacha mbali zaidi, maana nilikuwa na hasira."

Mwalimu huyo ni Polycarp Ngwila, mwalimu wa michezo katika shule ya msingi aliyosoma Aneth. Ni mtu mwembamba wa miaka arobaini na kitu, ambaye hujibu swali baada ya kulipima. Yeye ndiye aliyemwingiza Aneth katika mchezo wenyewe.

Mwaka 1995 chama kimoja cha michezo ya maji kutoka Dar es Salaam kilileta Ifakara kayaki mbili kwa ajili ya maonyesho. Kayaki ni chombo cha mtu mmoja, chembamba, chepesi, kilichofunikwa juu. Mpiga kasia huketi ndani ya tundu, miguu ameinyoosha mbele, na kasia lake lina bapa pande zote mbili. Chama kilikuwa kinatafuta vijana wa chini ya miaka kumi na minane.

Watu wa Kivukoni walijaa ukingoni. Aneth aliingia kwenye kayaki, ikapinduka. Akaingia tena, ikapinduka tena. Mara ya nne ilikwenda, na ilikwenda kiasi kwamba mkufunzi aliyetoka Dar aliacha kuzungumza na mtu aliyekuwa akizungumza naye.

"Tatizo halikuwa mikono," anasema Mwalimu Polycarp. "Tatizo lilikuwa kukaa. Huku kwetu mtu mzima hakai mtoni."

Maelezo yake ni sahihi. Katika bonde la Kilombero mwendesha mtumbwi husimama, kwa sababu aliyesimama humwona kiboko kabla kiboko hajawa chini yake. Wanaokaa ni watoto, mizigo na wagonjwa. Aneth alipoanza mazoezi ya kupiga kasia akiwa ameketi kwenye kibao ndani ya mtumbwi, wanawake waliokuwa wakifua walimfuata kwa maneno kila asubuhi.

"Jamani, Aneth anaumwa nini? Mbona anapelekwa amekaa?"

"Mwacheni, anawahi hospitali. Daktari akishaondoka itakuwaje?"

Mazoezi yalifuata ratiba ya viboko. Alfajiri wanaporudi kutoka malishoni huwa hawana simile, kwa hiyo Aneth na Mwalimu walisubiri mpaka kundi lote limeshaingia kwenye kidimbwi chake. Ndipo alipopiga kasia dhidi ya mkondo hadi kwenye kichanga cha juu, akarudi, akapiga tena. Mwalimu alisimama ukingoni na saa yake ya mkononi. Baada ya hapo binti alianza kuvusha abiria mpaka jioni.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana walisafiri hadi bwawa la Mtera kwenye mashindano. Mwalimu alikuwa ameazima nauli kwa walimu wenzake, na chombo waliazima hukohuko kwa mvuvi, boti la mbao lililokuwa na harufu ya dagaa na lililovuta upande wa kushoto. Aneth alishika nafasi ya pili.

"Ndiyo iliyotuharibu akili ile," anasema Mwalimu Polycarp. "Tulijiuliza: kama boti bovu limetupa nafasi ya pili, boti zuri litatupa nini?"

Habari za mchujo wa taifa wa vijana zilifika mwezi wa pili. Mashindano yangefanyika mwezi wa nane katika Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Washindi watatu wa kwanza kwa upande wa wasichana wangechukuliwa kwenye kambi ya Dar es Salaam, wangelishwa, wangesomeshwa ufundi, na kupelekwa kwenye mashindano nje ya nchi. Wasio na kayaki waliruhusiwa, kwa mwaka huo tu, kuja na mtumbwi wa mtu mmoja usiozidi urefu uliowekwa.

Shambani Kisawasawa ulikuwa umebaki mkangazi mmoja. Marehemu Eustaki aliuacha usimame akisema ni wa nyumba: siku moja utapasuliwa mbao, mkewe atoke kwenye nyumba ya udongo ambayo ukuta wake wa nyuma umeegemezwa nguzo tangu masika ya mwaka 1993. Mti huo ndio aliouomba Aneth.

Febronia ni mwanamke wa maneno machache. Anapoulizwa alisemaje siku hiyo, anaendelea kupeta mchele.

"Nilimwambia, mti ni wa baba yako, na wewe ni wa baba yako. Sikuona nani nimnyime."

Aliyeuchonga ni kaka yake Febronia, Gaudensi, fundi wa mitumbwi tangu ujana wake. Aliuangusha mwezi wa tatu na kuukamilisha mwezi wa sita. Mitumbwi yake ya kawaida huwa na ubavu wa unene wa kiganja. Huu aliambiwa auchonge mpaka ubaki unene wa vidole viwili.

"Nilibisha," anasema Gaudensi. "Nikamwambia mpwa wangu, hiki si chombo, hiki ni bakuli. Akanijibu, mjomba, ndilo bakuli ninalolitaka. Basi, nikachonga. Na nisikufiche, mwanangu, ulipendeza. Sijapata kuchonga kitu kama kile."

Aliupaka mafuta ya kambale, akauzamisha mtoni wiki kadhaa, akauibua. Siku ya majaribio Mwalimu Polycarp aliangalia saa yake, akaipeleka sikioni kuhakikisha kama inatembea.

Gaudensi hakusafiri nao. Asubuhi ya safari, kwenye stesheni ya TAZARA ya Ifakara, aliufunika mtumbwi kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa na kuyafunga kwa kamba za ukindu. Agizo lake lilikuwa fupi: magunia yamwagiwe maji asubuhi na jioni, yasifunguliwe mpaka waone ziwa.

"Nikasema, ndiyo mjomba," anakumbuka Aneth. "Sikumuuliza kwa nini. Nani anauliza kwa nini?"

Mtumbwi ulipanda behewa la mizigo, wao wakapanda daraja la tatu. Treni ilipanda Mlimba, ikaingia kwenye mahandaki, ikatokea nyanda za juu. Kila iliposimama kwa muda wa kutosha, Aneth aliteremka na dumu lake. Makambako alimwaga maji huku meno yakigongana. Hakuwahi kujua kwamba kuna mahali katika nchi hii ambapo mtu anaweza kuona pumzi yake mwenyewe.

Walifika Mbeya siku ya Jumanne. Lori walilokuwa wameahidiwa kuwapeleka Kyela halikuwepo. Lingekuja kesho, wakaambiwa, na kesho yake wakaambiwa vivyo hivyo. Mtumbwi uliwekwa uani kwa msamaria mmoja jirani na stesheni, mahali pa wazi. Mwezi wa nane Mbeya hakuna mvua. Kuna jua lisilo na joto na upepo mkavu unaotoka milimani na kupasua midomo.

Jumatano mchana iliwasili timu ya wasichana kutoka mikoa mingine, nao wakisubiri usafiri wa kushuka Kyela. Walikuwa na kayaki.

"Nilimwona msichana mmoja, mdogo kuliko mimi," anasema Aneth. Sauti yake haipandi wala haishuki. "Ameibeba kayaki begani, peke yake, mkono mmoja, kama mtu anayekwenda shamba na jembe. Anazungumza na wenzake, anakula muwa. Mimi mtumbwi wangu tulikuwa tumeushusha watu wanne. Akaniuliza, dada, hicho ni nini umekifunika? Nikaona aibu kusema ni mtumbwi. Nikasema ni mzigo wa watu."

Jioni hiyo hakumwaga maji. Alifungua kamba, akaondoa magunia, akayakunja, akaupindua mtumbwi kifudifudi ili upepo upite chini.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Maji ni uzito. Mtumbwi uliokauka ni mwepesi, na chombo chepesi ndicho kinachoshinda. Mwalimu Polycarp alimwona akikunja magunia. Anakiri kwamba alielewa kinachofanyika na kwamba hakuona kosa.

"Mimi ni mwalimu, nimesoma sayansi," anasema. "Lakini nimezaliwa Michenga. Huko mtumbwi ukiachwa nchi kavu unachukua kiangazi kizima ndipo uanze kupasuka, na hata hapo unapasuka ule mzee. Hewa yetu yenyewe ina maji. Siku mbili? Nani bondeni amewahi kuona mti unakufa kwa siku mbili?"

Alhamisi asubuhi Aneth aliuinua upande mmoja na kumwita Mwalimu kwa furaha. Ulikuwa umepungua uzito kweli. Waliuinua wawili. Alicheza nao, wakaubeba hatua kadhaa mbele ya wale wasichana, na safari hii alipoulizwa alisema ni mtumbwi, na ni wake.

Ijumaa asubuhi ulikuwa umepasuka.

Ufa ulianzia mbele, ukashuka chini ya kibao cha kukalia, ukaishia karibu na nyuma. Kidole cha mtoto kingeweza kupita. Mwenye nyumba alisema wakati wa kifungua kinywa alisikia mlio uani, akadhani ni watoto wanavunja kuni.

Hakuna aliyelia, anasema Mwalimu. Walitafuta lami kwa vibarua wa barabara, wakaichanganya na sufi iliyochomolewa kwenye mto wa kulalia wa Mwalimu, wakaishindilia kwenye ufa. Juu yake walipigilia bati la kopo la mafuta ya kula. Misumari ilikuwa ya viatu, kwa kuwa mirefu zaidi ingetokeza upande wa pili wa ubavu mwembamba ule.

Lori lilikuja mchana huo. Waliposhuka Kyela, kwenye joto na migomba, Aneth, akisaidiwa na Mwalimu, aliukimbiza mtumbwi ziwani kabla hajala, akaujaza mawe, akauzamisha. Aliuacha humo usiku kucha. Asubuhi ya Jumamosi ufa ulikuwa umejifunga nusu. Nusu nyingine, mahali palipokuwa na lami nyingi, haikuweza tena kujifunga, kwa sababu lami iliizuia.

Mashindano ya wasichana yalianza saa nne. Washindani walikuwa tisa: sita kwenye kayaki, watatu kwenye mitumbwi. Njia ilikuwa kutoka ufukoni hadi kwenye madumu ya manjano yaliyotiwa nanga ziwani, kuyazunguka, na kurudi.

Kwenda, Aneth alikuwa wa pili. Ripoti ya waamuzi inasema hivyo, na Mwalimu Polycarp, ambaye alikuwa amekimbilia kwenye mwamba ili aone vizuri, anasema alikuwa wa pili kwa urefu wa mkono. Yule msichana aliyebeba kayaki kama jembe alikuwa nyuma yake.

"Nilisikia maji kwenye visigino," anasema Aneth. "Nikajua. Nikasema nizunguke kwanza. Nilipozunguka yalikuwa yamefika kiunoni, maana nilikuwa nimekaa. Ningekuwa nimesimama ningekuwa nayo kwenye vifundo tu."

Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Kuacha kasia na kuchota maji kwa kopo, au kuendelea kupiga kasia akiwa na mtumbwi unaozidi kuwa mzito. Aliendelea. Wa tatu akampita, kisha wa nne, kisha wa tano. Karibu na ufuko alimpita mmoja kati ya hao watatu, na watu waliokuwa nchi kavu wanasema walimsikia akipumua.

Alikuwa wa nne. Waliochukuliwa ni watatu.

Aliyekuwa akiandika majina, Alfonsi Kihwele, mmoja wa viongozi wa chama, alimfuata hadi majini. Anakumbuka alichomwambia.

"Nilimwambia ukweli. Nilimwambia, binti, mikono unayo kuliko wote walioko hapa, lakini sisi tunachukua waliofika. Nikimchukua wa nne kwa huruma, wa tano naye ana mama yake." Kuhusu mwaka kesho, anasema kanuni imeshapitishwa. "Ni kayaki tu, na kila mshindani aje na yake. Hatuwezi kupeleka mtumbwi nje ya nchi. Na huyo mwaka kesho si kijana tena, atashindana na watu wazima."

Kayaki moja, ikiagizwa kutoka nje, ina bei ya nyumba. Febronia hajawahi kuwa na nyumba ya bei hiyo.

Mwalimu alishauri mtumbwi uachwe hukohuko Kyela. Aneth alikataa. Ulirudi Ifakara kwa njia uliyokwenda, safari hii bila magunia, na stesheni Gaudensi alikuwa akisubiri. Alipita pembeni ya mpwa wake, akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye ufa, akakitembeza mpaka mwisho.

"Ulimwaga maji?"

"Sikumwaga, mjomba."

"Hata kidogo?"

"Mbeya sikumwaga. Nilitaka uwe mwepesi."

Waliokuwepo walitegemea atamfokea. Hakumfokea. Anapoizungumzia siku hiyo, mzee huyu anatazama mikono yake.

"Kosa lilianzia kwangu. Nilimwambia fanya, sikumwambia kwa nini. Na sikumwambia kwa nini kwa sababu mimi mwenyewe sikujua. Baba yangu alimwaga maji, nami nimemwaga maji. Ningejua kwamba kuna nchi ambayo upepo unakunywa mti, si ningemwambia? Nilidhani ni heshima tu ya mtumbwi."

Anasema hajachonga mtumbwi mwingine tangu hapo. Si kwa huzuni, anasisitiza. Msitu wa juu sasa ni hifadhi, na mashambani mikangazi imekwisha.

Mtumbwi wenyewe haukufaa kuvusha watu. Ubavu wake ulikuwa mwembamba mno kuzibwa tena. Ulilala nyuma ya nyumba ya Febronia, karibu na ile nguzo, mpaka mwanzoni mwa mwezi wa tisa, ambapo mfugaji mmoja wa Kisukuma anayeishi nje ya Michenga, Mzee Shigela, alipita kutafuta chombo cha kunyweshea ndama. Aliukata vipande viwili mahali ufa ulipokuwa mpana zaidi, akaziba ufa na sehemu zilizokatwa kwa udongo wa kichuguu, akapata mahori mawili. Alitoa magunia mawili ya mahindi.

"Mbao nzuri sana hii," anasema Mzee Shigela, akipigapiga ubavu. Ndama watatu wanakunywa. "Nyepesi. Nani aliichonga nyembamba namna hii? Fundi huyo alikuwa amelewa?"

Aneth alikwenda kuyaona mahori hayo mara moja. Anasema hakuumia alivyotegemea. Kilichomuuma ni kingine: aliporudi alimkuta mama yake akipika ugali wa mahindi yale, na ukuta wa nyuma ukiwa umeshuka kidogo zaidi.

"Mama hajaninenea neno," anasema. "Ningependa aninenee. Akinyanyua macho kuangalia ule ukuta, najua anaangalia nini."

Hafanyi tena mazoezi. Asubuhi viboko hurudi kidimbwini, wanawake hufua, na yeye husimama nyuma ya mtumbwi wa watu na upondo mkononi kama mwendesha mtumbwi mwingine yeyote. Wanawake wamekosa la kusema. Mmoja wao, Apolonia, ndiye aliyemtania zaidi wakati ule.

"Nilizoea kumwona amekaa," anasema. "Sasa akipita amesimama, ndiyo naona kama anaumwa."

Mpango alionao Aneth ni kuondoka. Wiki ijayo, kama lori la vibarua litakuja, atakwenda kwenye mashamba ya miwa ya Kidatu kufanya kazi ya kupalilia. Binamu yake yuko huko, analala chumba kimoja na wanawake kutoka Iringa, Songea na Mbeya, na amemwandalia nafasi ya mkeka. Anachokitaka ni mabati ya mama yake kabla ya masika. Akifanikiwa kupata ya upande wa nyuma tu, anasema, atashukuru.

Valeria hapendi habari hizo. Leo jioni amerudi na beseni tupu, na wakiwa katikati ya mto anaanza tena.

"Kwa hiyo unatuacha na pantoni. Pantoni nikiichekesha haicheki."

"Hata mimi sicheki, mama."

"Wewe unachekea ndani, nakuona. Na huko Kidatu si kuna mto? Ruaha ule ni mto mkubwa, wenye watu na mitumbwi yao."

"Najua. Nimeomba wanipangie mashamba ya upande wa mlimani."

Ukingoni Mwalimu Polycarp anasubiri, baiskeli imeegemea kiunoni mwake. Huja kila Ijumaa shule ikifungwa. Mwanzoni alikuja na habari: kuna mashindano Mwanza, kuna mfadhili amesikika Morogoro, kuna mkufunzi ameandikiwa. Habari zilikwisha, lakini bado anakuja. Valeria anashuka, anamwamkia, anapanda ukingo na beseni lake. Aneth anaanza kuokota mawe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kwa hiyo ni wiki ijayo?"

"Lori likija."

Mwalimu anamsaidia jiwe moja, halafu jingine. Mtumbwi unaanza kuinamisha kichwa majini. Anauliza swali ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa ameliweka tangu Kyela.

"Aneth. Tuseme kweli. Mtu akija leo hapa, akashusha kayaki kwenye gari, akasema ni yako. Utakaa?"

Binti anaweka jiwe alilokuwa nalo, analisogeza likae sawa, ananawa tope mikononi.

"Nitakaa, Mwalimu," anasema. "Na nikibaki hapa nitaingoja kila siku. Ndiyo maana naondoka."